Salvina Mbele ya Dirisha

Jumanne moja ya Machi 1996, Salvina alitua bomba la dawa kutoka mgongoni, akanawa mikono kwenye mfereji unaopita kihambani kwake, shamba la nyumbani kule Uru mlimani Kilimanjaro, akaona uchafu mmoja hautoki. Ulikuwa mstari mweupe, umejipindapinda kutoka kidole cha shahada hadi kifundo cha mkono. Mwisho wa mstari, chini ya ngozi, funza mdogo alikuwa anakula taratibu.

Alimjua. Alikuwa funza wa kidomozi, yule nondo mweupe, mdogo kama punje ya ulezi, anayetaga kwenye majani ya kahawa. Funza huingia katikati ya jani, akala nyama yote ya ndani na kuacha ngozi mbili, ya juu na ya chini. Ukiliinua jani juani, mwanga unapita. Salvina alikuwa na mibuni mia nne, na jua lilipita kwenye yote.

"Wameishiwa majani," alimwambia wifi yake, Theodora.

"Si waende kwa Kornel," Theodora alijibu, akaendelea kumenya ndizi.

Kornel alikuwa na duka la pembejeo Majengo, kule mjini Moshi. Zamani dawa ililetwa na chama cha msingi cha ushirika, na ilichelewa. Soko huria lilipokuja, dawa ya Kornel haikuchelewa hata siku moja. Ilinuka sabuni, ilitoa povu la sabuni, na Theodora aliwahi kufulia mashuka, yakatakata. Vidomozi wa Uru waliogeshwa kila baada ya wiki mbili, wakanawiri.

Kufikia Mei, Salvina alikuwa ameliwa hadi mabegani. Hakusikia maumivu. Alikuwa mwepesi tu, na kanisani alikaa katikati ya akina mama wawili wanene ili upepo wa mlangoni usimsumbue. Bwana shamba, Martin, alipanda na pikipiki yake, akamkagua kwa lenzi.

"Hiki ni kidomozi," alisema.

"Najua. Dawa ni ya uongo. Tuletee ya kweli, mibuni inakufa, na sisi tunafuata."

"Mama Joyness, suala hilo lina ngazi zake."

Ngazi zile zilipanda zikaishia kwenye semina ya siku tatu, katika hoteli moja mjini Moshi. Mfadhili alikuwa Kornel, aliyekaa mbele na suti ya kijivu. Salvina alitumiwa gari. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam, Bwana Ildefonce, alimsimamisha mbele ya dirisha la mashariki ili wajumbe wote waone.

"Geuka kidogo, mama."

Akageuka. Jua lilimpenya, na kwenye ukuta wa pili vikaonekana vivuli vya funza vikitembea. Wajumbe waliandika. Mmoja aliuliza kama angeweza kuona na mgongo, akaambiwa mgongo ni baada ya chai. Mpiga picha alipiga picha.

"Naomba kusema," alisema Salvina. Alikuwa amelipanga neno hilo usiku mzima. "Tunaliwa kwa sababu dawa ni sabuni. Na anayeiuza ni huyu hapa."

Akamnyooshea Kornel kidole ambacho sasa kilikuwa ngozi tupu. Kornel ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Mama amejieleza vizuri sana," alisema mwenyekiti, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Upepo wa makofi hayo ulimsukuma Salvina hatua mbili nyuma, hadi kwenye pazia.

Waliazimia kwamba wakulima wapewe elimu ya kutikisa chupa kabla ya kutumia. Kisha wakala kuku. Salvina alipewa paja na fulana.

Theodora alimpokea barabarani, akamshika upindo wa kanga kwa sababu upepo wa mlimani ulikuwa umeanza.

"Wamesemaje?"

"Tutikise chupa."

Theodora alicheka mpaka akakaa chini, bila kuuachia upindo. Salvina alitaka kulia, lakini aliogopa kulowana.

Mwezi Julai chupa zilikuja na karatasi mpya. Juu yake alikuwa Salvina amesimama dirishani, mwanga wa dhahabu umempita kifuani, na chini yake maneno: *Mkulima amethibitisha.* Salvina aliteremka Majengo kununua mbili, kwa kuwa dawa nyingine haikuwepo mji mzima. Kwenye foleni, mwanamke mmoja wa Kibosho, mwenye mistari myeupe hadi viwikoni, alimgusa bega polepole.

"Shikamoo, mama. Ni wewe huyu kwenye chupa?"

"Marahaba. Ni mimi. Hiyo ni sabuni, mwanangu."

Mwanamke aliitazama picha, akamtazama Salvina, akaitazama picha tena.

"Lakini umetoka vizuri," alisema, akanunua tatu.