Sauti ya Zipora

Matonya aligombana na mkewe Zipora kwa sababu ya ndama aliyempa rafiki bila kushauriana naye, na badala ya kungoja moyo upoe, akaondoka kijijini kwao Haneti kwenda kuomba kazi kwenye boma la Wajerumani, Dodoma. Hasira hasara, wala hakuna aliyemtuma. Kwa kuwa alijua muziki, wakampa tarumbeta katika bendi ya boma. Zeze lake lilibaki likining'inia ukutani kwa mkewe.

Wawili hao walikuwa na njia yao ya kupatana. Matonya alikuwa ametunga wimbo, na kila baada ya ugomvi aliketi uani akaupiga kwa zeze. Ubeti ukiisha, ananyamaza. Zipora akiitikia kutoka ndani, basi, yamekwisha, ugali unasongwa. Asipoitikia, mwanamume analala na njaa yake.

Sasa sikukuu ya Kaisari ilikuwa inakaribia, na majumbe wote wa vijiji walikuwa wameamriwa kuleta watu wao bomani, wa Haneti wakiwamo. Matonya akamwomba Swedi, mkuu wa bendi, mtu wa Tanga, wimbo wake upigwe siku hiyo. Mbele ya watu wote, Zipora akiitikia, yeye atarudi nyumbani.

"Haya, bwana," alisema Swedi. "Wagawie wenzako mwenyewe."

Akawagawia. Nyuzi za zeze akazipa filimbi, kishindo cha mguu akakipa ngoma kubwa, sauti yake mwenyewe akaitia katika tarumbeta. Sauti ya zeze huteleza, ya tarumbeta huruka, kwa hiyo ilibidi aukate wimbo hapa na kuuunga pale, na kazi hiyo aliipenda. Ila kila walipomaliza ubeti wakanyamaza, alisikia upepo tu ukisukuma vumbi uwanjani. Tangu aje bomani hakuna mwenzake aliyemsemesha kwa lugha ya kwao. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akamwambia Seleman, mpiga tarumbeta wa pili, ashike sauti ya Zipora, aitikie mahali pake. Ah, ikamtuliza! Tangu hapo kila jioni mkewe akawa anamwitikia.

Siku ikafika, na Zipora akaja. Alisimama mbele kabisa, vumbi la safari miguuni. Wimbo ulipoanza akautambua, uso ukalainika. Ubeti ulipokaribia kuisha akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Seleman akaingia na tarumbeta lake.

Zipora akafunga kinywa. Ubeti wa pili akajaribu tena, akafunikwa tena. Hapo ndipo Matonya alipotambua alichokifanya, mjinga wa watu. Akamtikisia Seleman kichwa, lakini Seleman akadhani anasifiwa, akapuliza kwa nguvu zaidi. Ubeti wa tatu Zipora hakujaribu.

Watu wakashangilia. Matonya akapenya katikati yao mpaka alipo mkewe.

"Wimbo umependeza," Zipora alisema. "Nimetembea toka Haneti na jibu langu, Matonya. Nakuta umekwisha kujijibu."

Matonya alitaka kumwambia kwamba alipajaza mahali pake katika wimbo kwa kumkosa yeye, lakini Swedi alikuwa akimwita kwa sauti: Bwana Mkubwa, yule Mjerumani mwenye boma, ameupenda wimbo, urudiwe sasa hivi. Amri ya boma haina kesho.

Akamwambia Seleman asipige. Wakaanza upya, na ubeti ulipoisha bendi nzima ikanyamaza. Watu wa Haneti walikuwa wameshashika njia ya kwao, Zipora pamoja nao. Matonya akangoja, tarumbeta mkononi, mpaka Swedi akamgusa bega aendelee.