Hatua ya Idhini

Katika ofisi moja ya Chennai, kusini mwa India, iliyouza programu kwa makampuni makubwa, Thenmozhi alikuwa fundi wa kuunga vipande. Mtu aombe kiti kipya au likizo, kazi hiyo yeye huikatakata kwenye skrini: hapa ombi linaanza, hapa lina sharti, hapa linasubiri idhini ya mkubwa, hapa linaisha. Akishaunga vipande kwa mishale, ombi linatembea lenyewe. Alijivunia jambo moja, kwamba mfumo wake hauna uchochoro. Hata mkurugenzi hapiti dirishani.

Tabia hiyo aliirithi. Babake, mzee Arumugam, ambaye wanawe walimwita Appa, alikuwa mkuu wa stesheni ndogo karibu na Thanjavur, na katika utumishi wake wote hakukosa kazini bila ruhusa iliyoandikwa. Sasa alikuwa kitandani, moyo umechoka, na Jumatatu Ilango, mdogo wake Thenmozhi, alipiga simu kumwita dada yake nyumbani.

Thenmozhi akajaza ombi: likizo ya kuuguza mzazi. Likaenda kwa meneja wake, Varadarajan, ambaye alikuwa Madurai akimwoza binti yake. Mfumo ukasubiri, ukaona kimya, ukalipeleka kwa kaimu. Kaimu alikuwa Thenmozhi mwenyewe. Na kwa kuwa alikwisha kuweka sharti kwamba mtu hajiidhinishii ombi lake, likarudi kwa Varadarajan, likaanza kusubiri upya. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kasturi, jirani yake wa meza, alipoliona alicheka, kisha akaacha kucheka.

"We Thenu, umejifungia ndani na ufunguo umeutupa nje! Liondoe hilo sharti, jiidhinishe, ulirudishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Haya, mpigie meneja."

"Nipige simu nyumba ya harusi nikawape habari za mgonjwa? Unataka niwatie nuksi maharusi?"

"Basi nenda tu, bibi wee! Panda basi, nenda!"

"Bila ruhusa? Appa mwenyewe atanifukuza mlangoni."

Kasturi akabetua midomo, na nani asingebetua? Kuna watu ambao wema wao unaudhi.

Jumatano jioni babake alishika simu mwenyewe.

"Umepata ruhusa, mama?"

"Bado, Appa. Labda kesho."

"Ngoja upate. Usiondoke ovyo." Akakohoa, akapumzika. "Haya. Mimi naenda."

Simu ikakatika.

Kwao, Mtamili hasemi "naenda". Hata akitoka kununua chumvi husema "naenda nirudi", kwa kuwa anayesema "naenda" peke yake ni yule asiyerudi. Watoto hukaripiwa kwa kosa hilo. Thenmozhi alilisikia neno hilo. Alisimama na simu mkononi, akajiambia mzee amechoka tu, pumzi imemkatia sentensi. Kisha akaketi, akafungua ombi lake kuona limefika wapi. Lilikuwa kwa Varadarajan, linasubiri.

Alhamisi alfajiri Ilango alipiga tena. Alikuwa analia tu.

Akiwa stendi ya mabasi, Thenmozhi aliingia kwenye mfumo kwa simu yake. Akachagua: msiba, mzazi. Kabla hajaondoa kidole jibu likaja: likizo yako imeidhinishwa, pole kwa msiba. Likizo ya msiba haikuwa na kipande cha idhini. Alikitoa yeye mwenyewe mwaka uliopita, akisema mfiwa asisumbuliwe. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Yeye aliambiwa, tena kwa maneno aliyoyaandika kwa mkono wake. Akakaa juu ya begi lake katikati ya abiria akalia kwa sauti.

Alipofika nyumbani, babake alikuwa amekwisha kuogeshwa na kuvishwa shada, amelazwa barazani. Varadarajan, aliyepata habari kwa Kasturi, alimpigia.

"Thenmozhi, mwanangu, kwa nini hukuondoka tu? Mimi ningeidhinisha baadaye. Nani angekuzuia?"

Alitafuta mtu wa kumtaja, hakumpata. Akamshukuru meneja, akakata simu.

Mama yake alikuwa ameketi upande wa kichwa cha maiti. Thenmozhi akamwangukia magotini.

"Aliniulizia, Amma?"

"Hakuuliza." Mama hakuwa na lawama sautini, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Ilango alitaka kukupigia usiku, uje hivyo hivyo. Babako akamkataza. Alisema, mwacheni, hajapewa ruhusa."

Wanaume wakaingia, wakamwinua mzee mabegani. Thenmozhi akawafuata. Walipofika mlangoni, mjomba akageuka na kumzuia kwa mkono, kwani kwao wanawake hawaendi mahali pa kuchomea maiti.

"Rudi ndani, mama. Mwisho wenu ni hapa."

Thenmozhi hakumwomba ruhusa. Aliusukuma ule mkono, akashuka ngazi peku, akawa anatembea nyuma ya babake huku mjomba akimwita jina lake.