Mgongo wa Tangi

Jumapili baada ya chakula cha mchana, mpiga pasi alipiga magoti mbele ya tangi la samaki, akatumbukiza mpira wa maji ndani, akaifyonza ncha ya pili mpaka maji machafu yakaanza kushuka ndooni. Tangi lilikuwa la mumewe. Ndiye aliyelinunua, ndiye aliyechagua samaki, na ndiye aliyewaonyesha wageni. Ila kila ilipofika siku ya kubadilisha maji, mgongo wa mume ulimuuma, na mgongo huo ulijua kalenda barabara.

Mume alikuwa mwalimu wa udereva. Kutwa alikaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, na hata nyumbani, akisikia neno asilolipenda, mguu ulikanyaga sakafu wenyewe. Watu walimwita Breki.

"Mbona samaki wamepauka hivi?" aliuliza kutoka kwenye kochi. "Unawalisha nini?"

"Kile kile."

"Basi kuna kitu unakosea."

Ni kweli walikuwa wamepauka. Wale wekundu walifanana na nguo iliyofuliwa mno, na wale wa michirizi hawakuwa tena na michirizi. Walijikusanya kwenye pembe moja ya kioo, hawaendi wala hawarudi. Mpiga pasi alibeba ndoo nje, akarudi kubeba nyingine.

Siku za kazi alikuwa akinyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli, kwenye mvuke na taa nyeupe zisizozimwa. Akifika nyumbani, alizikuta nguo za nyumbani zikimngoja: mashati ya Breki, magauni ya wifi yake, vitambaa vya kichwa vya mama mkwe. Katika nyumba ile hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa mkwe, akaitwa wifi, akaitwa wewe, na kote aliitika.

Kesho yake akitoka kazini alimpitia muuza samaki wa mapambo, bwana mnene aliyenukia chakula cha samaki.

"Tangi liko wapi?" bwana yule aliuliza.

"Sebuleni. Nyuma yake kuna dirisha, na ukuta ni mweupe."

"Basi hawaumwi, wamechoka tu. Samaki akionekana pande zote hapumziki, anajua muda wowote atadakwa. Lipe tangi mgongo, mama. Weka kitu cheusi nyuma, wapate pa kuegemea."

"Na rangi itarudi?"

"Rangi haikwenda popote. Wameificha."

Alinunua kipande cha nailoni nyeusi, nzito. Jioni ile ile alipenyeza mkono nyuma ya tangi, akafuta kioo kwa nje mpaka kikalia, akakipaka glisirini kiduchu, akabandika nailoni. Kisha akapitisha rula kutoka katikati kwenda pembeni, akifukuza viputo vya hewa. Kunyoosha ilikuwa kazi yake. Hakikubaki kikunjo hata kimoja.

Kabla wiki haijaisha samaki walikuwa wamekoza rangi, wanatembea tangi zima kama wenye nyumba. Breki aliwaambia majirani kwamba wazo lile lilikuwa kichwani mwake siku nyingi.

Baada ya hapo tangi likaanza kurefuka kwenda nyuma. Kwa nje lilikuwa lile lile, la kina cha mkono tu. Lakini samaki waliingia kwenye ule weusi wakaenda, wakaenda, mpaka wakawa kama punje za mchele, halafu wakarudi. Mpiga pasi alipotia mkono kusugua kioo cha nyuma hakukipata. Alizamisha mkono mpaka begani, hakukipata. Alichogusa ni ubaridi na utulivu. Akautoa mkono, akaufuta, akaenda kuosha vyombo.

Siku moja hoteli ilipokea wageni wa mkutano, na mashuka yakaja kama mafuriko. Alirudi miguu imevimba.

"Nimechoka," alimwambia mumewe.

"Nani hajachoka?" Breki alisema. "Mimi leo mwanafunzi kanipandisha juu ya ukingo wa barabara, karibu tuingie dukani kwa watu."

"Wifi!" ilitoka sauti chumbani. "Usisahau gauni langu la kesho!"

Mpiga pasi alivua ndala, akafunua kifuniko cha tangi, akatia mguu mmoja, kisha wa pili. Maji hayakumwagika. Samaki walimpisha.

Ndani mchanga ulikuwa laini, ukiteremka taratibu. Alitembea mpaka sebule ikawa ndogo kama kibiriti, halafu kama kifungo cha shati. Hapo akapata pa kulaza ubavu, naye akalala.

Wifi ndiye aliyemwona kwanza. "Kaka, mkeo yuko kwenye tangi."

"Anafanya nini?"

"Amelala."

"Saa hizi?" Mguu wa Breki ulikanyaga sakafu. Yeye ndiye aliyewakataza wageni kugonga kioo, kwa sababu kunawasumbua samaki. Akakigonga kwa ufunguo wa gari. "Wewe! Chumvi iko wapi?"

Mpiga pasi alirudi safari ile yote akatoka. Chumvi ilikuwa kando ya jiko, ilipokaa miaka yote.

"Unalowesha zulia," wifi alimwambia, akamletea dekio.

Tangu siku hiyo aliingia kila jioni, akalala mpaka anapogongewa. Uso wake ukanawiri. Wenzake wa kazini walimuuliza anapaka mafuta gani. Wageni wakija, Breki aliwasogeza mbele ya kioo na kuwaonyesha kwa kidole. "Wale ni wekundu, wale wa michirizi, na yule kule mbali ni mke wangu. Tangu tuweke ule weusi, ona anavyong'aa." Wageni walisifu, mmoja akauliza kama anasumbua kulisha.

Lakini kugongagonga kuliwachosha. Jioni moja wifi alifunua kifuniko akatumbukiza gauni. Breki naye akatumbukiza mashati, kisha akamwita fundi umeme. Fundi alichungulia ndani, akapima kwa macho, akasema haina shida mradi swichi ibaki nje. Akavuta waya wa pasi, akafunga na taa, kwa sababu kule gizani mikunjo haionekani. Mpiga pasi akawa ananyoosha humo humo, karibu na kioo, mahali wanapoweza kumwona. Nguo zilitoka zimenyooka, ingawa kola zilibaki na unyevu kidogo, na Breki hakuacha kulisema hilo.

Alasiri moja, Breki na wifi wakiwa wametoka, mama mkwe aliburuta kigoda mpaka mbele ya tangi, akaketi. Alimtazama mkwewe akipitisha pasi.

"Mimi nilikuwa naingia kwenye mtungi," alisema.

Mpiga pasi alisogea kwenye kioo.

"Mtungi wa maji, pale jikoni kwa wakwe zangu. Ndani palikuwa pazuri, pana majani. Nikiingia nilikuwa nasikia maji tu." Bibi alisugua magoti yake. "Mwanzo mama mkwe wangu alikuwa ananiitia mdomoni mwa mtungi. Baadaye akaona tabu ya nini, akawa ananimiminia nafaka humo humo, nichambue."

"Ukafanyaje?" Maneno yalitoka kama viputo, lakini bibi aliyaelewa.

"Nikachambua. Nikawa nasema moyoni, nikipata mkwe, huyo nitamwacha apumzike."

"Basi niache, mama."

Mkono wa bibi uliinuka, ukagusa kioo, ukatulia hapo. Samaki mwekundu akaja akaunusa kwa upande wa ndani.

"Dawa zangu za presha uliziweka wapi?" bibi aliuliza.

"Kabatini, rafu ya juu."

"Siifikii."

Mpiga pasi aliisimamisha pasi ili isiunguze gauni la wifi, akashika ukingo wa tangi, akajivuta juu kwenda kumtolea.