Vivuli Nyuma ya Jenifa

Baada ya somo la Uraia na Maadili, Mwalimu Beda aliwatoa wanafunzi uwanjani wachague kiranja mkuu. Kila mmoja angesimama nyuma ya amtakaye. Shule ile iko njia ya kwenda Namanyere, na asubuhi hiyo upepo ulikuwa wa baridi.

Mstari wa Polikarp uliishia kwenye mlingoti wa bendera. Wa Jenifa ulipita mlingoti, ukapita vyoo, ukaingia kwenye shamba la ulezi.

Mwalimu mkuu, Isdori, akatoka ofisini.

"Kiranja mkuu ni Polikarp," alisema. "Jenifa atasimamia usafi."

"Lakini mwalimu, tumemchagua Jenifa," alisema Fransiska, aliyekuwa wa kwanza nyuma yake.

"Msichana hawezi kuamrisha wavulana. Ingieni madarasani."

Mwalimu Beda, aliyetoka kuwafundisha kwamba wasichana na wavulana wana haki sawa, alitazama viatu vyake.

Watoto waliosimama nyuma ya Jenifa wakaingia. Vivuli vyao havikuingia. Vilibaki vimejipanga juu ya nyasi, virefu, vyeusi, na Jenifa alipopiga hatua, navyo vikapiga.

Jioni vilimfuata nyumbani. Vilipanda kilima, kimoja nyuma ya kingine, bila sauti, na wavunaji wa ulezi wakaweka visu chini, wakavua kofia mpaka mstari ulipokwisha kupita. Mama yake, Debora, alikuwa akisonga ugali.

"Hawa wote ni wako?"

"Wamenichagua, mama."

"Basi wasogee kidogo, wananizibia mwanga."

Kisha akamwita binti yake karibu, akamfuta vumbi usoni kwa pindo la kitenge, polepole, kama anafuta kitu cha altareni.

Kesho yake Polikarp alipiga kengele, na watoto wasio na vivuli wakasimama paredi. Mwalimu Beda alihisi wepesi miguuni. Alipogeuka, aliona kivuli chake mwishoni mwa mstari wa Jenifa, nyuma ya kile cha mtoto wa darasa la kwanza. Akaenda ofisini.

"Mkuu, tuutazame upya ule uamuzi."

"Vivuli havichagui kiranja," alisema Isdori. "Nifungie mlango, mwalimu, baridi inaingia."

Beda akaufunga. Nje, Jenifa alishika fagio, akainama kufagia uwanja. Vivuli vyote vikainama pamoja naye, mpaka kule kwenye ulezi.