Sala Iliyochelewa

Wateja walimwita Bwana Kimya. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi, na shuleni walimcheka mpaka akaamua kwamba mdomo uliofungwa hauchekwi. Akajifunza unyozi, kazi ambayo mteja ndiye msemaji. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kwa kuwa hakupiga soga, watu walimwona mtu wa busara. Kanisani alikaa kiti cha nyuma. Zamu ya kuongoza sala ikimkaribia, alitoka nje kama mtu aliyekumbuka jambo.

Kaka yake alikuwa mtu mwingine kabisa, mcheshi asiyeishiwa maneno. Alipolazwa kwa ugonjwa wa ini, hata wauguzi walipitia kitandani kwake wapate kucheka kidogo. Lakini jioni moja Kimya alimkuta amelalia ubavu, sauti imefifia. Mke wa kaka alikuwa ameketi karibu, bakuli la uji mkononi.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "leo niombee."

Kimya akarudi nyuma hatua moja. "Ni-ni-nitamwita mchungaji."

"Mchungaji sijamtaja. Nimekutaja wewe."

"Ye-yeye ndiye anajua kuomba, kaka."

"Na wewe ndiye unanijua mimi."

Kimya akasema simu haishiki vizuri mle ndani, akatoka. Haikuwa kweli. Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa mchungaji, akamngoja avae viatu, wakaja pamoja. Walipofika, pazia lilikuwa limevutwa kuzunguka kitanda, na shemeji yake amesimama kwenye korido, bakuli bado mkononi.

Baada ya maziko shemeji hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwambia tu, "Nilimwambia kaka yako kwamba mchungaji yuko njiani. Akasema, 'Mimi namngoja huyu wetu. Akikwama, Mungu atamsubiri, hana basi la kuwahi.'"

Miezi ikapita. Fundi saa mmoja, mteja wake wa zamani, aliugua asiweze kuinuka, na binti yake akamwita Kimya aje amnyoe nyumbani. Kimya akampaka sabuni, akamnyoa taratibu, akamfuta. Alipokuwa akikunja taulo, mzee akamshika mkono.

"Kabla hujaondoka, mwanangu, niombee."

Kimya akatazama mlangoni, lakini safari hii hakutoka. Akapiga magoti, akaanza. Neno la kwanza lilikuwa "Baba," nalo likagoma. Akalirudia, likagoma tena, jasho likamtoka. Hapo akaona hana kitu cha kumpa Mungu ila kule kushindwa kwenyewe, basi akampa hicho. Neno likapita. Sala nzima ilikuwa sentensi chache, wala hakuna iliyonyooka, lakini mzee aliitikia amina kila moja, amefumba macho, uso umetulia.

Kigugumizi hakikuisha. Siku hizi, akifunga duka lake la unyozi mapema, hubeba mashine yake hadi wodini, hunyoa wagonjwa, na akiombwa, huomba. Wapo wanaoficha kicheko kwenye shuka. Yeye huendelea hadi amina, akijua nguvu inayomvusha si yake.

Shemeji aliposikia habari hizo alimwambia, "Kaka yako angefurahi."

Kimya akainamisha kichwa. "A-alikuwa ameniomba yeye kwanza."

Shemeji hakubisha. Akamsogezea kiti, wakakaa.