Brashi Iliyosimama

Kwenye saluni ya Hakimu timu ya mpira ya mji ilipimwa kwa vitana. Kinyozi huyo hakuwa hakimu wa mahakama yoyote; jina alipewa na wateja, kwa sababu kila wiki yenye mechi alipanga vitana kumi mbele ya kioo, kila kitana na mchezaji wake, kisha akawaachia wanaume wabishane. Mchezaji aliyekuwa fiti, kitana chake kiliegemezwa kwenye kioo kikasimama. Aliyeumia, aliyechoka au anayekesha kwenye pombe, chake kililazwa. Mabishano yakiisha Hakimu alitoa hukumu, na hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Aliwahi kulaza kitana cha mume wa binti yake mwenyewe, na mkwe huyo akamnunia msimu mzima.

Kipa hakuwa na kitana. Kipa alikuwa brashi ya povu, ile ya mpini mnene, na brashi hiyo haikuwahi kulala tangu mdogo wake Hakimu akabidhiwe goli. Watu walimwita Komeo, kwa kuwa akishafunga mlango, umefungwa.

Safari hii hali ilikuwa mbaya. Jumapili ilikuwa mechi ya mchujo: atakayefungwa anashuka daraja, na timu yenyewe ilivyokuwa imechoka, ikishuka ndiyo basi tena, inavunjwa. Mbele ya kioo vitana vilikuwa vimelala karibu vyote.

"Mlaze na huyo winga," alisema muuza nyama, kichwa kikiwa chini ya mashine. "Anakimbia kama mtu anayetafuta choo."

"Tukimlaza na huyo atabaki nani?" akauliza fundi viatu kutoka kwenye benchi.

"Abaki nani wakati sisi tumekuwa kichwa cha mwendawazimu? Kila timu inakuja kwetu kujifunzia kunyoa."

Wakacheka, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. Fundi viatu akajipangusa uso. "Mpira unadunda, jamani. Tukibana, tukapata sare, zikaja penalti, Komeo yupo."

Wote wakaitazama brashi. Hakimu aliendelea kunyoa kisogo cha muuza nyama, kimya, wakati kawaida yake ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote humo ndani.

Alikuwa na lake rohoni. Komeo alikuwa amepigwa kiwiko cha jicho kwenye kona moja ya vurugu. Jicho likavimba, likapona, na kwa nje halikubaki hata na alama. Lakini mtu unayemnyoa ndevu huwezi kukaa naye muda mrefu usijue macho yake. Mkono wenye wembe ukitokea kushoto, Komeo alipepesa, kama anavyopepesa kila binadamu. Ukitokea kulia, hakupepesa. Mara ya kwanza Hakimu alidhani ni uchovu. Mara ya pili alipitisha taulo karibu kabisa na lile jicho, kama anayekung'uta nywele, na jicho likabaki limekodoa vilevile. Alikaa kimya, akijidanganya kwamba litafunguka lenyewe.

Atamwambia nani? Mama yao alipofariki, Komeo alikuwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ukawa wa Hakimu. Alimlea mwenyewe, akamfundisha kudaka kwa mpira wa matambara ukutani nyuma ya nyumba. Komeo hakusoma, hana ufundi, hana mke. Mtoe golini, umemtoa duniani.

Kocha aliingia wakiwa bado wanabishana. Hakukaa. Alisimama katikati ya saluni na kofia yake mkononi.

"Hakimu, nakuuliza wewe kwa sababu hujawahi kumpendelea mtu. Komeo mazoezini ananitia wasiwasi. Mipira ya kulia anaichelewa. Ninaye yule wa akiba. Mikono yake haijakomaa, lakini ni mzima. Wewe unamwona mdogo wako kuliko sisi wote. Brashi isimame au ilale?"

Hakimu alizima mashine, akaishika brashi. Angeweza kuilaza. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

"Inasimama," alisema.

Kocha akashusha pumzi. "Basi umenimalizia kazi. Jina lake nalitangaza leo leo."

Muuza nyama akapiga makofi na shuka lake shingoni. Fundi viatu, ambaye utani ulikuwa haumwishi hata msibani, akatikisa kichwa. "Kinyozi hajinyoi, jamani. Tungejuaje kama hakumpendelea nduguye?"

Wakacheka tena, Hakimu naye akacheka nao, na hajawahi kucheka kicheko kichungu kama kile.

Komeo alikuja jioni, wateja wameshaondoka. Alikaa kitini, akafungwa shuka, akapakwa povu mashavu yote. Hakimu aliirudisha brashi mahali pake, akaanza na shavu la kushoto. Alikuwa amelimaliza Komeo aliposema, "Kocha amenitangaza. Anasema ni kwa hukumu yako."

"Ndiyo."

"Brashi uliisimamisha mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Komeo akanyoosha mkono kutoka chini ya shuka, akaipapasa meza, akaikosa brashi mara ya kwanza, ya pili akaipata. Akailaza.

"Kaka, ulidhani sijui unavyonijaribu na lile taulo? Nilikaa kwenye kiti hiki makusudi. Nikasema, kaka ataona. Akishaona atamwambia Kocha, mimi nitanuna, nitagomba, lakini itakuwa imekwisha. Mwenyewe nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo najiuliza, nikitoka pale golini mimi ni nani?"

Hakimu akaushusha wembe. "Nilikuonea huruma."

"Najua. Ndiyo iliyonifunga." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza kaka yake zaidi. "Nikienda kusema sasa, mwongo utakuwa wewe. Mji mzima umesikia hukumu. Afadhali nidake hivihivi. Nikifungwa, watasema Komeo kazeeka. Jina lako litabaki."

Hakimu alimtazama mdogo wake kwenye kioo, shavu moja safi, moja jeupe kwa povu. Aliona aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja wanaoficha majipu kichwani, kumbe msemo alikuwa anauuza tu, mwenyewe hajawahi kuutumia.

"Usiinuke hapo," alisema. Aliuweka wembe mezani, akachukua brashi, akatoka nayo jinsi alivyo.

Barabarani watu walimwita, "Hakimu! Jumapili vipi, tunatoka salama?" Hakusimama. Alimkuta Kocha uwanjani anakusanya mipira kwenye wavu. Aliilaza brashi juu ya benchi la wachezaji wa akiba.

Kocha aliuachia wavu. "Tangu lini?"

"Tangu kile kiwiko. Jicho la kulia halioni kabisa. Nilijua, na asubuhi nilikudanganya."

"Mbele ya watu wote wale."

"Mbele yao. Na mbele yao nitasema."

Kocha alikaa chini. "Unajua yule wa akiba tutafungwa naye vilevile?"

"Najua," alisema Hakimu. "Lakini atauona mpira ukiingia."

Kocha hakumpa mkono. Hakimu aliokota brashi yake, akarudi.

Komeo alikuwa palepale kitini, mikono imefunikwa na shuka, povu limeanza kukauka shavuni.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Hakununa, wala hakugomba. Alilia, kama alivyokuwa akilia zamani mgongoni, na jicho la kulia lilitoa machozi sawasawa na la kushoto. Hakimu aliyafuta macho yote mawili kwa taulo. Kisha aliilowesha brashi, akampaka povu jipya, akamalizia shavu lililobaki.