Alama ya Kumi na Tatu

Mtu aliyezoea kuandika mabango ya maduka ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona rangi iliyopauka akaiacha. Fundi wetu huyu alikuwa nao ugonjwa huo kwa miaka thelathini. Akienda kunyolewa, anasimama kwanza nje kumrekebisha pua yule mtu aliyechorwa mlangoni. Akienda kumjulia hali mgonjwa, jicho lake liko kwenye kibao cha wodi. Mke wake alishamwambia kwamba hata siku ya kufa kwake ataomba kwanza aonyeshwe jeneza limepakwaje. Mtaani wakamwita Brashi, na aliitika bila kinyongo.

Basi binti yake wa pekee akaja na habari kwamba anataka kutembea ile njia ndefu ya milimani, wiki tatu kwa miguu, peke yake.

"Kwani magari yameisha?" Brashi aliuliza.

"Baba, siendi mahali. Natembea tu."

Jibu hilo lilimchanganya zaidi. Mtu anatembeaje wiki tatu bila kwenda mahali? Alimgeukia mkewe apate msaada, na mkewe akaendelea kukunja nguo. "Mwache mwenzio," alisema. "Miguu ni yake."

Kumwacha ndiko kulikomshinda. Akaanza kuulizia kwa huyu na yule, akaambiwa kwamba wengi wanaopotea kule hupotea kwenye kipande kimoja, uwanda wa juu, ambako ni mawe matupu na ukungu ukishuka humwoni hata uliyeshikana naye mkono. Hakuna njia ya kuonekana pale. Kinachowaongoza watu ni alama za njano zilizopakwa kwenye mawe, kutoka jiwe hadi jiwe, na alama zenyewe zilikuwa zimepauka. Hapo Brashi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alikwenda kwenye ofisi ya watunza njia, chumba kimoja chenye ramani ukutani na meza iliyojaa kamba na filimbi, akaomba kazi ya kuzipaka upya kabla binti hajafika.

Mtunza njia alimpa sharti moja. "Unapaka juu ya alama ya zamani. Usibuni yako."

Brashi nusura akasirike. Yeye abuni?

Siku tatu za kwanza kazi ilikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali, mawe yamekauka. Kila alama aliisugua kwanza kwa brashi ya waya, ndipo akapaka, kama anavyofanya kwenye ukuta wowote wa duka. Siku ya nne aliamka kwenye kibanda cha wasafiri akakuta ujumbe wa binti: *Baba, leo saa sita nitakuwa uwandani. Nitaziona kazi zako!* Alitoka mbio na kopo lake. Kilichobaki kilikuwa kipande cha mwisho, na ukungu ulikuwa umeshuka tayari, na mtandao wa simu ulimuaga hatua chache tu kutoka mlangoni.

Kwa haraka hiyo akaacha kusugua. Alama alikuwa anaziona. Tena ajabu, kwenye unyevu ule zilikuwa zinang'aa kuliko siku zilizopita: doa la njano hapa, hatua kumi mbele doa jingine, kule jingine. Alipaka moja baada ya nyingine akihesabu kwa sauti ili ajipe moyo. Alipofika ya kumi na tatu, kwenye jiwe pana lililolala kama meza, alipaka vizuri kabisa, akaweka kifuniko cha kopo pembeni.

Kifuniko kikateleza. Kilijiviringisha, kikapita ukingo wa jiwe, kikatoweka. Brashi alisubiri kukisikia kikianguka. Hakusikia kitu. Akasubiri tena, na kutoka chini, mbali sana, ukaja mlio mdogo wa bati.

Alikaa chini pale pale. Njia haiwezi kupita hewani. Mbele yake, kwenye ukingo wenyewe, kulikuwa na doa jingine la njano, na alilikwangua kwa ukucha. Likabanduka kama gaga la kidonda. Halikuwa rangi. Ni kitu kinachoota chenyewe juu ya mawe, kama kuvu, na rangi yake ni ile ile, Mungu amsamehe, njano ile ile.

Sasa ipi ilikuwa alama na ipi ilikuwa kuvu? Ya kumi na mbili? Ya tano? Alijaribu kuzikumbuka, na kadiri alivyojaribu ndivyo zilivyofanana. Huenda alipotea tangu ya pili. Huenda ni hii ya mwisho tu. Alitoa kitambaa akaanza kuifuta haraka kabla haijakauka, na rangi ikasambaa, akazidi kufuta, ikazidi kusambaa, mpaka jiwe zima likawa njano, kubwa kama mlango. Laiti angekuwa na akili nyingine ya kuazima siku ile.

Akaamua jambo moja: arudi nyuma akamzuie mtoto kabla hajafika. Ya kumi na mbili aliiona. Ya kumi na moja, ya kumi. Kwenye ya nane akasimama. Kushoto kwake, ndani ya ukungu, kulikuwa na kitu cha njano iliyopauka. Je, hiyo ndiyo alama ya kweli? Akaiendea. Alikwangua: kuvu. Mbele kidogo nyingine: kuvu. Alipogeuka, ya nane hakuiona tena. Akaenda kulia, akaenda kushoto, akarudi alikodhani ametoka, akakuta jiwe ambalo hakuwahi kuliona. Alizunguka hivyo kwa muda ambao hata yeye hakuujua, akiita jina la binti, na ukungu ukiimeza sauti. Mwishowe alijikwaa kwenye jiwe lenye rangi mbichi. Ya saba au ya nane, hakujali. Alijali matope yaliyokuwa pembeni yake, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na alama ya kiatu, mpya, ndogo kuliko yake, na ncha yake imeelekea kwenye ya kumi na tatu.

Binti alikuwa ameshapita.

Brashi alikimbia. Mtu wa miaka hamsini na sita, goti bovu, juu ya mawe yaliyolowa. Ya kumi. Ya kumi na mbili. Hapo akamwona, kivuli tu kwanza, halafu begi, halafu binti mwenyewe, amekaa juu ya lile jiwe la njano, miguu inaning'inia upande wa pili, anakula biskuti.

"Baba!" Aligeuka nusu, anacheka. "Hili ulivyolipaka kubwa hivi, nikajua umeniwekea kiti nipumzike."

Alikuwa akitikisa mguu mmoja. Chini ya kiatu chake kulikuwa na ukungu mweupe tu, umetulia.

Brashi alitaka kupiga kelele, akajizuia, maana mtu akishtuka huruka. Alipanga sauti yake kama anavyopanga mkono kabla ya kuandika herufi ya kwanza. "Hebu njoo unishikie kopo, mama. Njoo taratibu, rangi haijakauka, utajichafua suruali."

"Ishanichafua."

"Njoo hivyo hivyo. Usisimame kwanza. Jivute kwa nyuma."

"Kujivuta tena?"

"Nakuomba."

Neno hilo ndilo lililomfanya amtazame vizuri. Alijivuta, na alipofika mkono unapofika Brashi alimshika kwapani akamkokota mpaka wakaanguka wote wawili, biskuti zikamwagika. Hakumwachia. Upepo ukaja, ukungu ukapasuka kidogo tu, na binti akaona mahali alipokuwa ameweka miguu. Akaikunja kifuani. Halafu ukungu ukaziba tena.

"Nimekosea," Brashi alisema. "Hii si njia."

"Na zile nyingine?"

"Sijui, mwanangu. Kweli sijui ni ipi."

Alikuwa analia, na hakujificha. Binti alimwangalia mikono, yote njano mpaka kwenye viwiko.

"Mimi huko nyuma niliona kama alama zinapinda kushoto," alisema polepole. "Nilisimama kabisa. Nikajiambia, hapana, ramani inasema kulia." Akajifuta rangi kwenye suruali. "Halafu nikasema, aa, baba kapita hapa."